Kulungu Wasiohesabiwa

Siku ya kwanza ya kazi nilimharibia bibi niliyetumwa kumhudumia birika lake. Lilikuwa birika jeusi la kahawa, ndani limeshika ukoko kama gome la mti, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya wiki moja ambako tuliambiwa kwamba chombo kichafu kinaweza kumuua mzee. Nikalimwagia sabuni, nikalisugua kwa waya mpaka likang'aa. Bibi alipotoka chumbani akisukuma kigari chake cha kutembelea, akaliona limeinamishwa kando ya sinki. Hakunigombeza. Alilichukua, akanusa ndani, akalirudisha polepole kama mtu anayefunika maiti. Asubuhi hiyo hakunywa kitu.

Nilielewa kosa langu nikiwa kwenye basi. Kwetu Simanjiro kibuyu cha maziwa hakiguswi na sabuni. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akichoma kijiti cha mzeituni wa porini, anakiingiza kibuyuni kikiwa bado na kaa jekundu, anakizungusha, kisha anatoa majivu kwa kibrashi kirefu. Maziwa yakitiwa humo hayaharibiki upesi na yananukia moshi. Ukikiosha kwa sabuni umekiua. Nilijua hayo tangu sijaota meno ya pili, na bado nikaosha chombo cha mwanamke mwingine bila kumuuliza.

Kesho yake nilifika mapema. Nikachemsha kahawa ndani ya birika, nikaimwaga. Nikachemsha tena, nikaimwaga tena. Ya tatu nikampelekea kitandani na chembe ya chumvi ndani, maana niliona kikopo cha chumvi kando ya mkebe wa kahawa na nikabahatisha. Alinusa, akanywa kidogo, akanitazama kwa macho yake ya kijivu.

"Nani amekufundisha?"

"Bibi yangu," nikasema.

"Anajua kahawa?"

"Hapana. Anajua vyombo."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Bibi huyo alikuwa Msami. Kabla ya kumjua sikujua kwamba kuna watu wanaoitwa Wasami. Ni wafugaji wa kaskazini kabisa ya Ulaya, huko ambako wakati wa baridi jua halichomozi kwa wiki nyingi. Mnyama wao kwa Kiingereza anaitwa reindeer. Kiswahili chake sijakipata kwa mtu yeyote, kwa hiyo mimi namwita kulungu wa theluji. Bibi alizaliwa huko, upande wa Norwei, akakua akihama na mifugo ya baba yake, kutoka bara wakati wa baridi kwenda pwani wakati wa kiangazi. Alipokuwa msichana aliolewa na baharia Mwingereza, akaletwa London, na tangu hapo akaishi ghorofa ya tatu huko Walthamstow, mtaa wa nyuma ya soko. Mume alikuwa amefariki. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mtu wa makamo mwenye ndevu za mvi, aliyefanya kazi ofisini na kuishi Croydon.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Mama yangu alisomea unesi Arusha, akaja huku kwa kazi ya kuhudumia wazee, na mimi nikamfuata nikiwa na cheti cha darasa la saba tu. Sekondari ilikuwa mbali na boma letu na baba hakuona haja. London nikapata kazi kwenye kampuni ileile ya mama: kuingia nyumba za wazee asubuhi na mchana, kuwaogesha, kuwavalisha, kuwalisha, kisha kuandika kwenye simu nilichofanya. Hapo kwenye kuandika ndipo niliposumbuka. Wenzangu waliandika wakishuka ngazi. Mimi nilisimama ukumbini mwa jengo robo saa nzima natafuta herufi, na msimamizi akanipigia simu kuniuliza kama nimelala.

Shida ya bibi ilikuwa chakula. Alikuwa anapungua. Kila Jumatatu nilimpandisha kwenye mizani, na kila Jumatatu mshale ulirudi nyuma. Kampuni ilimletea vyakula vya pakiti vya kupasha moto: viazi vilivyopondwa, kuku laini aliyepondwa, mchuzi wa kahawia. Alivitazama kama mtu anayetazama picha ya chakula. Mtoto wake alikuja Jumapili moja, akaona nguo zinavyomning'inia mamaye, akatoa machozi jikoni akidhani simwoni. Alikuwa amemtafutia nafasi katika nyumba ya wazee huko Croydon, karibu na kwake. Ofisi ya ustawi wa jamii ingemtuma mtu baada ya wiki sita kumpima bibi, mwili na akili. Wakiona hajiwezi, angehamishwa.

"Huko nitakufa," bibi aliniambia, bila kulalamika, kama anayesema mvua itanyesha. "Siyo kwa sababu ni wabaya. Kwa sababu kahawa yao inatoka kwenye mashine."

Nikamuuliza kwao walikula nini.

Aliongea mpaka muda wangu ukaisha, na mimi nikachelewa nyumba iliyofuata. Alisema kulungu akichinjwa hakitupwi kitu. Damu inakingwa, inakorogwa isigande, inatengenezwa madonge ya unga na damu yanayochemshwa kwenye supu, na chapati nyembamba za damu kwa watoto ili wawe na nguvu. Ulimi unachemshwa. Mifupa ya miguu inachemshwa, inapasuliwa kwa kisogo cha shoka, na uboho wake unaliwa ukiwa moto, watu wakinyamaza. Maziwa ya kulungu ni machache lakini mazito kama mafuta. Nyama inakaushwa kwa upepo wa mwisho wa baridi, kisha inakatwa vipande vyembamba na kutumbukizwa kwenye kahawa pamoja na jibini. Matunda ya porini ya rangi ya machungwa wanayahifadhi kwenye pipa kwa ajili ya miezi ya giza. Baba yake alitembea nyuma ya mifugo mpaka uzeeni na hakujua daktari ana sura gani. Viatu vyao havikuvaliwa kwa soksi. Walivijaza nyasi laini walizozikata kiangazi, wakazipiga kwa rungu na kuzisokota, na mguu ukabaki mkavu kwenye theluji.

Nilimsikiliza nimeshika taulo lenye maji. Nilisahau hata kulikamua, na nitaeleza kwa nini.

Tangu nifike London nilikuwa nimejifunza kuficha. Kwenye darasa la Kiingereza mwalimu alituambia kila mmoja aeleze chakula cha kwao. Nikasema, kwa sauti ndogo niliyo nayo, kwamba kwetu wanaume wakiwa porini, au mwanamke akijifungua, ng'ombe hutolewa damu shingoni bila kuuawa, ikachanganywa na maziwa. Darasa zima lilitoa sauti moja. Kijana mmoja akajishika koo na kuanguka mezani. Baada ya hapo waliniita mnywa damu, kwa utani, lakini kila siku. Nikaacha kusema natoka wapi. Nikiulizwa nilijibu Arusha, basi, kama vile Arusha ni mahali pasipo na ng'ombe.

Sasa mwanamke mweupe mwenye miaka themanini na kitu alikuwa amekaa mbele yangu, na ngozi ya mikono yake kama karatasi, akiisifu damu.

"Na sisi," nikasema. Sauti ilikwama. Nikajaribu tena. "Na sisi pia. Ng'ombe."

"Ng'ombe!" Alipinda mdomo. "Ng'ombe ni mvivu. Anangoja umfungulie mlango."

"Kulungu wako anakula nini?"

"Anafukua theluji kwa kwato, anakula majani kama sponji yanayoota ardhini na juu ya mawe."

"Maskini. Wa kwetu wanakula nyasi."

Akanipiga na kijiko begani. Kuanzia siku hiyo tulikuwa maadui wa namna hiyo: yeye na kulungu wake, mimi na ng'ombe wangu.

Nilianza na mifupa. Sokoni Walthamstow kuna bucha la mzee mmoja wa Pemba, mwenye kofia na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwomba mifupa ya miguu ya ng'ombe.

"Una mbwa wangapi, binti?" akaniuliza.

"Sina mbwa, mzee wangu."

"Basi nani anakula mifupa yote hii?"

"Bibi mmoja."

"Laa! Ana meno huyo?"

Binti yake aliyekuwa kwenye kaunta akacheka, akamwambia kwa Kiingereza asiwaaibishe wateja. Mzee akamjibu kwa Kipemba, binti akarudisha kwa Kiingereza, na katikati ya mzozo huo mifupa ikakatwa na kufungwa. Nikapata ujasiri nikauliza kama ana damu.

"Astaghfirullah!" Alishika kofia yake. "Mwanangu, damu hapa haiuzwi. Haramu hiyo. Wewe ni Mmasai?"

Nikajifanya natafuta pochi.

"Nimekuuliza tu. Nilisoma na Mmasai mimi, Zanzibar. Kijana safi. Alikuwa hapigwi na mtu." Akasukuma mfuko kuelekea kwangu. "Damu katafute kwa Waingereza. Wao wanaila asubuhi na mayai."

Nilidhani ananitania. Lakini mwisho wa soko, kwenye meza ya Mwingereza mmoja mnene, nilikuta soseji nyeusi, nene kama mkono wangu. Nikauliza ni nini. Damu na nafaka, akasema, bibi yake aliila kila Jumamosi na akaishi miaka mingi sana. Nikasimama pale nimeishika ile soseji. Miaka mitatu nilikuwa nimeona aibu kwa chakula kilichokuwa kinauzwa mita mia tatu kutoka darasani kwetu.

Bibi alikula. Sitasema alikula kama simba. Alikula kama mtu anayekumbuka njia. Siku ya mifupa alinifukuza jikoni nisimwone, halafu akaniita nimshikie mfupa, maana nguvu za kupasua hakuwa nazo. Nikaupasua mimi kwa nyundo ya mumewe, juu ya ubao, kwa pigo moja upande wa shingo ya mfupa, kama nilivyomwona baba akifanya. Haukutawanya hata kibanzi. Bibi akatazama mpasuko, akatikisa kichwa kidogo tu, kukubali. Nimewahi kupewa cheti cha mafunzo chenye muhuri wa dhahabu, lakini sikijali kama ninavyokijali kile kichwa kilichotikiswa.

Jibini tuliipata kwa Waturuki, ile nyeupe ambayo hata ukiitia kwenye moto haiyeyuki. Ndani ya kahawa ililainika, ikalia kwenye meno yake, na bibi akasema siyo yenyewe lakini ni binamu yake. Nyama ya kukausha ilituletea matatizo. Tuliikata nyembamba, tukaitia chumvi, tukaianika kwenye kibaraza wakati ule upepo wa Machi unapokata uso. Njiwa wa London waliigundua siku hiyohiyo. Tukafunika kwa pazia la wavu la sebuleni, na bibi akakaa kwenye kiti nyuma ya kioo na fimbo, blanketi magotini, akilinda. Nilipomwona hivyo nilijua anapona, hata kabla ya Jumatatu. Jumatatu mshale ulikuwa umesimama palepale. Jumatatu iliyofuata ukasogea mbele.

Mama hakufurahi. Alisikia harufu ya nyama kwenye nguo zangu, nikamweleza yote.

"Kampuni inajua?"

"Naandika kwenye simu. Naandika amekula supu."

"Supu." Mama alivua viatu vyake vya kazi akaketi kitandani. Tulikuwa tunalala chumba kimoja. "Mwanangu, sisi tuko nchi hii kwa barua ya kazi. Mimi nimekaa kwenye foleni ya uhamiaji Croydon mpaka miguu imevimba kwa ajili ya barua hiyo. Kazi yako ni kuogesha na kulisha. Siku ya huyo mpimaji, ukiulizwa, sema ndiyo au hapana. Maoni waachie wenyewe."

"Sawa, mama."

"Wewe nakujua, huongei. Usianze kuongea siku hiyo."

Hakuwa anatisha bure. Barua yake ndiyo iliyokuwa yangu pia. Malalamiko yakifika ofisini juu ya mmoja wetu, wote wawili tungeulizwa. Kwa hiyo niliahidi, na nilikuwa na nia ya kutimiza.

Mpimaji alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole na begi kubwa la kitambaa. Alikuja asubuhi, mtoto wa bibi akiwepo, ameketi ukingoni mwa kochi na koti hajavua. Mimi nilisimama kando ya mlango wa jikoni. Bibi nilikuwa nimemvalisha gauni lake la buluu, la sufu, lenye utepe mwekundu mabegani, la kwao, ambalo wiki sita nyuma lingemmeza.

Mizani ilikubali. Mpimaji akaandika, akatabasamu. Akauliza ni siku gani leo, bibi akajibu. Akauliza yuko mji gani, bibi akajibu, akaongeza kwamba ni mji mchafu. Akamwambia arudishe maneno matatu baada ya dakika chache, akayarudisha. Nilianza kupumua.

Ndipo mpimaji akafunga karatasi yake kidogo, akaegemea mbele, kama mtu anayetaka kumaliza kwa urafiki. Mtoto alikuwa amemwambia habari za utotoni mwa mama yake.

"Nasikia baba yako alikuwa na reindeer," akasema. "Inapendeza sana. Alikuwa nao wangapi?"

Bibi akageuza uso, akatazama dirishani.

Mpimaji akadhani hakusikia. Akaongeza sauti. "Baba yako. Alikuwa na reindeer wangapi? Kwa kukadiria tu."

Bibi akakunja mikono juu ya gauni. Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa.

"Mama," mtoto akasema, "anakuuliza wale wanyama wa babu. Walikuwa mia? Zaidi? Unakumbuka?"

Mpimaji akasubiri, kwa huruma, kisha akafungua karatasi yake na kuanza kuandika. Mtoto akamwambia kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, "Ndivyo anavyokuwa. Mambo ya zamani kabisa yanaanza kumtoka." Mpimaji akaitikia kwamba hiyo ni dalili ambayo lazima aizingatie, maana kumbukumbu za utotoni kwa kawaida ndizo za mwisho kuondoka.

Nilimtazama bibi. Alikuwa anasikia kila neno. Alijua linalofuata, Croydon na kahawa ya mashine, na bado hakufungua mdomo. Alikuwa tayari kuonekana amepoteza akili kuliko kutaja idadi ya mifugo ya baba yake mbele ya mgeni.

Hapo nilifahamu kitu ambacho hakuna mwingine chumbani angeweza kukifahamu. Katika wiki sita za kutaniana juu ya kulungu na ng'ombe, mimi na yeye hatukuwahi kuulizana wangapi. Haikunijia hata mara moja. Kwetu hilo haliulizwi. Huhesabu ng'ombe wa mtu, na wako mwenyewe hutaji hesabu yao, kama usivyohesabu watoto wa mtu kwa kidole. Ni kualika balaa, na pia ni ukosefu wa adabu mtupu, kama kumtia mtu mkono mfukoni. Nilikuwa nimeishi nalo mpaka sikujua tena kuwa ni sheria.

Nikamkumbuka mama. Nikaiona barua.

"Samahani," nikasema.

Haikutoka vizuri. Mtoto wa bibi aligeuka kama vile mlango ndio ulioongea.

"Samahani. Yeye anakumbuka." Nilishika fremu ya mlango. "Hilo swali kwa wafugaji halijibiwi. Na sisi kwetu hatujibu. Ukimuuliza baba yangu ana ng'ombe wangapi atanyamaza hivyohivyo, na baba yangu ana akili zake zote. Siyo kwamba hajui. Anajua sana."

Mpimaji akanigeukia.

"Sasa ningemuulizaje?" mpimaji akasema. Hakukasirika. Alikuwa ameshika kalamu juu.

Sikuwa nimefikiri mpaka hapo. Lakini nilijua jinsi baba anavyosimama langoni jioni mifugo ikiingia bomani. Hahesabu. Anatazama wanavyopita na anajua nani hayupo, kwa sababu anamjua kila mmoja, rangi yake, pembe zake, mama yake na tabia yake.

Nikamgeukia bibi. "Bibi, niambie nani alitangulia njiani wakati wa kuhama."

Akaacha dirisha, akanigeukia. Halafu uso wake ukafunguka.

"Jike la kijivu," akasema. "Pembe moja imeinama mbele ya jicho. Baba alimfunga kengele."

"Nyuma yake?"

"Binti yake. Mweupe, lakini miguu yake myeusi mpaka magotini, kama amepita matopeni. Huyo alikuwa mwizi wa chumvi. Nyuma yake dume aliyehasiwa, kahawia, mkubwa, ndiye aliyevuta kigari cha theluji cha mama. Sikio lake la kushoto lilikuwa na alama yetu, mkato mmoja nchani na mmoja nyuma. Sikio la kulia lilikuwa limechanwa na mbwa." Alikuwa ameinua mikono yake na kuonyesha masikio hewani. "Nyuma yao mapacha. Kulungu hazai mapacha, ni nadra, watu walikuja kutoka mbali kuwaona..."

Akaendelea. Alipokwama kwa Kiingereza alitumia neno la Kisami, maana kwao kila umri wa mnyama na kila umbo la pembe lina jina lake, kisha akatuchorea kwa kidole kwenye blanketi. Mnyama baada ya mnyama, mama na binti na mjukuu, aliyezama mtoni, aliyerudi peke yake baada ya dhoruba. Mpimaji aliacha kuandika. Mtoto wa bibi alivua koti, akaliweka sakafuni, akasogea mpaka karibu na magoti ya mama yake.

"Hukuwahi kuniambia haya," akasema.

"Uliuliza wangapi," bibi akamjibu. "Tangu ukiwa mdogo. Kila mara, wangapi, wangapi. Kama Mwingereza."

Mtoto akacheka na kulia kwa pamoja. Kabla ya kuondoka, mpimaji alikata mstari mmoja aliokuwa ameandika, akaandika mwingine juu yake. Akaniomba nieleze hizo supu ninazoandika kwenye simu ni za nini hasa. Nikamweleza zote, mifupa, soseji ya damu, jibini na nyama ya kibarazani, kwa sababu sasa nilikuwa nimeshaanza na sikuona mahali pa kusimama. Akaomba niyaandike. Nikamwambia naandika polepole. Akasema atangoja. Akangoja kweli, akinywa kahawa yenye chumvi bila kukunja uso sana, nami nikajaza ukurasa mzima, na jina langu nikaliandika chini, na chini ya jina nikaandika Mmasai wa Simanjiro, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Bibi alibaki nyumbani kwake. Mama alipigiwa simu na msimamizi, na nilimwona akisikiliza mkono ukiwa kifuani. Walikuwa wamesoma ripoti ya mpimaji na maneno yangu juu ya ng'ombe, na walitaka kujua kama binti yake angeweza kwenda kwa bibi mara tatu kwa siku badala ya mbili, kwa kuwa mtoto wa bibi ameomba hivyo. Mama alikata simu, akanigeukia.

"Nilikuambia usiongee," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ulisemaje juu ya ng'ombe wa baba yako?"

"Nilisema hatuwahesabu."

Akaenda dirishani, akanipa mgongo. "Vizuri," akasema. Baadaye nikamsikia akimpigia dada yake simu, akihadithia kwa Kimasai, kwa sauti ya juu, na kila mara hadithi ikirefuka kidogo.

Asubuhi iliyofuata nilichemsha kahawa katika birika jeusi, ambalo lilikuwa limeanza kurudisha ukoko wake. Nikatia chumvi. Bibi alikuwa ameshaketi mezani. Akatumbukiza kipande cha nyama kavu kikombeni, na cha jibini, akanisukumia kikombe cha pili na akanionyesha kiti kwa kidevu. Kwenye kazi yetu mtu haketi. Nikaketi.

"Wangu umewasikia," akasema. "Sasa wa kwenu. Nani anatangulia?"

"Mwekundu," nikasema. "Tumbo jeupe. Pembe zake zimefunguka kama mtu anayeita."

"Mvivu?"

"Huyo siyo mvivu hata kidogo, bibi. Nyuma yake anakuja dada yake..."

Na sauti yangu haikukwama.